Kompyuta ya kurekodia nyumbani: nilianza kwa kununua nisichohitaji

Nilipoanza kurekodi chumbani kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma, nilimsikiliza muuza kompyuta. "Kaka, chukua hii, ina kadi kali ya picha, muziki utapaa." Nikamwaga akiba yote. Kumbe programu ya kurekodi haina shida sana na kadi ya picha. Mzigo wake unabebwa na prosesa (ubongo wa kompyuta), ram (kumbukumbu ya muda) na diski. Ile kadi kwangu ilibaki kupasha moto chumba tu, na Oktoba ya Dodoma haihitaji msaidizi.

Laptopu yenyewe ilikuwa na ram ya GB 4 na diski ya kuzunguka. Siku kwaya ya mtaani ilipokuja, tulipopita traki (njia ya sauti moja moja) ya kumi sauti ikaanza kukwaruza na kukatika, waimbaji wananitazama mimi. Nikailaumu programu. Fundi akaniwekea SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na ram ya GB 8, mashine ileile ikatulia. Kama unaimba na kupiga gitaa tu, GB 8 zinakutosha. Ukipenda vinanda na ngoma za ndani ya kompyuta, jipange kwa GB 16, kwa sababu sampuli zake, yaani sauti zilizorekodiwa tayari, hupakiwa kwenye ram. Nafasi nayo usiidharau: traki moja ya mono, biti 24 kwa 48 kHz, hula kama MB 8.6 kwa dakika. Traki 16 za wimbo wa dakika 5 ni karibu MB 700, hapo hamjarudia hata mara moja.

Kabla hujamlaani fundi, angalia bafa, yaani idadi ya vipande vidogo vya sauti ambavyo kompyuta hukusanya kabla ya kuvichakata. Wakati wa kurekodi mimi naweka 128; kwa 44.1 kHz hiyo ni kama milisekunde 3, mwimbaji hasikii sauti yake ikimfuata nyuma kwenye hedifoni. Nikifika kwenye kuchanganya traki naipandisha hadi 1024, prosesa ipumue. Na usitegemee tundu la maiki la laptopu. Saundikadi ya nje ya USB (kisanduku cha kuchomeka maiki na gitaa) yenye draiva yake ya ASIO, programu ya Windows inayopunguza kuchelewa kwa sauti, hata ya bei ndogo, ilinisaidia kuliko prosesa mpya ambayo ningeikopea.

Sasa vumbi. Hili washauri wa mtandaoni hawalitaji, labda kwao hakuna. Kiangazi upepo wetu huingiza vumbi hadi kwenye sukari. Likijaa kwenye feni, prosesa huchemka, hujipunguzia kasi yenyewe, na sauti inakwaruza tena ingawa ram ipo. Kila baada ya miezi mitatu nafungua laptopu na kuisafisha kwa brashi laini, na nikimaliza kazi naifunika kanga. Umeme ukikatika, betri ya laptopu inakupa muda wa kuhifadhi kazi; mwenye kompyuta ya mezani anunue UPS (betri ya akiba) kwanza, maiki baadaye.

Feni ina kelele pia. Ilimba, ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ni chombo cha sauti ndogo, kina mvumo wake wa chini chini, na maiki ya kondensa husikia kila kitu. Mzee mmoja kutoka Chamwino alipokuja kunipigia, niliipeleka laptopu ukumbini, nikapitisha waya wa USB wa mita 3 chini ya mlango, saundikadi ikabaki ndani na sisi. Alipiga kama dakika sita, akanyamaza, akatazama meza tupu.

"Mjukuu wangu, sasa unarekodi na nini?"