Injini ya ndege ndogo na unyevu wa Tanga: kwa mnaoanza kurusha

Kama unajifunzia Cessna 172N, ile yenye kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa), jua kwanza kwamba hewa ya pwani yetu imebeba maji mengi, na maji hayo yana milango mitatu ya kuingilia: petroli, kabureta na oili.

Tuanze na petroli. Tangi lililolala nusu hutoa jasho ndani, kwa hiyo lijaze jioni, uzito wa safari ukiruhusu. Asubuhi, na kila baada ya kujaza mafuta, chota sampuli chini ya kila bawa na kwenye chujio la injini. Inua kikombe kwenye mwanga. Petroli ya ndege ya 100LL ni ya buluu; maji hujikusanya chini yake, tone linaloviringika ukiinamisha kikombe. Angalia sana hapa: kikombe kilichojaa maji matupu nacho huonekana safi, kwani hakuna mstari wa kutenganisha. Tafuta buluu, kisha nusa. Ukikuta maji, chota tena mpaka yaishe. Yasipoisha, hamna safari.

Ukishawasha, mshale wa presha ya oili uanze kupanda ndani ya sekunde 30, la sivyo zima. Magneto (vifaa viwili vya kutoa cheche za injini) zipime kwa kuzima moja moja, kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika: kila moja isipunguze zaidi ya 125, na tofauti kati yake isizidi 50. Isipopungua hata kidogo usifurahi. Huenda waya wa kuizimia umekatika, na injini inaweza kuwaka propela ikisogezwa tu, hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Kabureta ndiyo huwashangaza wageni. Barafu itoke wapi na joto la nyuzi 30? Petroli ikigeuka mvuke na hewa ikipita kwenye koo jembamba la kabureta, joto humo ndani laweza kushuka nyuzi 20 na zaidi, na unyevu ukaganda. Hatari huwa kubwa ukiwa umepunguza nguvu, kwa mfano unaposhuka kutoka upande wa Usambara kuja baharini. Dalili yake ni ya kimya: mizunguko inapungua kidogo kidogo nawe hujagusa kitu.

Vuta wenzo wa joto la kabureta, ule unaoiingizia hewa ya moto, mpaka mwisho, si nusu. Injini itapungua zaidi, pengine ikohoe, kwa kuwa inameza maji ya barafu inayoyeyuka. Wanafunzi wengi hushtuka hapo wakaurudisha, na hilo ndilo kosa kubwa. Uache wenzo ulipo. Mizunguko ikianza kupanda, barafu inaondoka. Ukija kutua, vuta joto kabla ya kupunguza nguvu; ukiamua kupaa tena, lirudishe, maana hewa ya moto hupunguza nguvu ya injini.

Oili ibadilishwe kila saa 50 au miezi 4, lolote litakalotangulia, kama injini ina filta. Kuwasha injini dakika kumi ndege ikiwa chini ili “ipate joto” hakusaidii: oili isipofika nyuzi 74 hivi, maji hayatoki, bali yanaongezeka. Irushe ndege saa nzima. Ndege ikibidi kukaa wiki kadhaa, fundi aiwekee oili ya kuhifadhia injini, na asiwepo wa kuizungusha propela kwa mkono, kwani huko ni kufuta utando wa oili unaozuia kutu kwenye kemshafti, mhimili unaofungua vali za injini.