Maswali na Majibu: Huruma kwa Hesabu

Kuna fomula ya kujua kama mpenzi wangu ananipenda kweli?

Hakuna. Nimeshalijibu hili mpaka kidole kimeota sugu. Muulize mwenyewe.

Huruma inaandikwaje kihesabu? Si jambo la moyoni?

Ni la moyoni, ila mkono unaotoa unaonekana, na hesabu hushika huo mkono. Mwaka 1999 wanauchumi Ernst Fehr na Klaus Schmidt walitoa mlinganyo mfupi: ridhiko lako ni fedha uliyopata, ukiondoa sehemu ya pengo lililopo kati yako na mwenzako. Ukiwa umemzidi, sehemu hiyo huitwa beta. Ndiyo kipimo cha jinsi pengo linavyokusuta.

Tuseme una shilingi 8,000, jirani ana 2,000. Pengo ni 6,000. Beta yako ikiwa 0.25, suto ni 1,500, unabaki na ridhiko la 6,500. Mpe 1,000: una 7,000, pengo 4,000, suto 1,000, ridhiko 6,000. Limeshuka, basi hutoi. Mwenye beta ya 0.6 alianza na 4,400. Akitoa hiyo 1,000 anapanda hadi 4,600. Atatoa. Mpaka ni beta ya nusu, yaani 0.5, kwa kuwa kila shilingi inayotoka hupunguza pengo kwa shilingi mbili.

Lakini mlinganyo haujui kama ulitoa kwa huruma au kwa sababu mama mkwe alikuwa anatazama. Wanaotangaza kwamba "sayansi imepima huruma" huiruka sehemu hii.

Nasikia ndoa hudumu kwa mema matano kwa baya moja. Nikimsifu mke wangu mara tano, naruhusiwa kumfokea mara moja?

Kwani umeambiwa ni duka la jumla? Mwanasaikolojia John Gottman aliwarekodi wanandoa wakijadili ugomvi wao, kisha mwanahisabati James Murray akamsaidia kuandika milinganyo ya jinsi kauli ya mmoja inavyosukuma kauli ya mwenzake. Tano kwa moja ni hali waliyoikuta kwenye ndoa zilizotulia, si bei. Na sifa za kuhesabu mkeo atazishtukia kabla hujafika ya tatu.

Ofisini wanataka kufunga kamera inayosoma hisia usoni. Inaaminika?

Inasoma misuli. Mimi nikipiga hesabu ngumu hukunja uso kama niliyefiwa. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku mifumo hiyo kazini na shuleni tangu Februari 2025, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Waulize wakubwa wako picha zitakaa wapi, kwa muda gani, na nani atazitazama. Kabla ya kujibiwa, usisaini kitu.