Unga wa tona uliotumika: je, unaweza kuwa mkaa wa kuchujia maji?

SWALI: Mimi ni fundi wa printa na mashine za fotokopi, Morogoro. Katriji ninazosafisha zimenijazia ndoo ya tona, ule unga mweusi unaotumika kama wino. Nimesikia unaweza kugeuzwa kaboni ya kuchujia maji. Nikiuchoma kwenye pipa, nitaipata?

JIBU: Ndugu fundi, tafadhali usiuchome. Weusi wa tona unadanganya: masizi ya kaboni kwa kawaida ni asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wake. Sehemu kubwa ni plastiki, ama ya staireni na akrileti, ama poliesta. Kwenye pipa utapata moshi wenye sumu. Tena chembe zake ni ndogo mno, maikromita 5 hadi 10 hivi. Vumbi la aina hiyo likitimka karibu na moto huweza kulipuka.

Kwenye maabara unga huo hupashwa moto ndani ya tanuri lililofungwa, bila oksijeni, gesi ya naitrojeni ikipita, hadi nyuzi 500 au 600 za Selsiasi. Plastiki hukatikakatika ikatoka kama mvuke, na mvuke ukipozwa huwa mafuta. Kwa tona ya staireni karibu plastiki yote huondoka hivyo, mkaa unaobaki ni haba. Poliesta huacha mkaa zaidi kidogo. Hata huo hauchuji kitu mpaka uamilishwe kwa mvuke wa maji au potasiamu haidroksaidi kwenye joto kali, ili upate vitundu. Na kwa maji ya kunywa nisingeuthubutu, kwa sababu baadhi ya tona hutiwa viambato vyenye kromu au zinki.

Thamani kubwa naiona kwenye chuma. Sogeza sumaku juu ya karatasi yenye unga kidogo. Ukivutwa wote, hiyo ni tona ya sumaku, ambayo oksidi ya chuma inaweza kukaribia nusu ya uzito. (Zikivutwa punje nzito chache tu, hizo ni developa, yaani punje za sumaku zinazobeba tona ndani ya mashine, iliyochanganyika.) Tona hii ikipashwa bila hewa huacha chuma au oksidi yake na kaboni vilivyoshikamana, na watafiti wameijaribu kama malighafi ya elektrodi za betri. Katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, Veena Sahajwalla na wenzake waliipasha hadi nyuzi 1,550 wakapata chuma; kaboni ya kukitoa kwenye oksidi ilitoka kwenye plastiki ya tona yenyewe. Hukohuko Australia, unga wa tona huchanganywa pia na lami ya barabara.

Kwako wewe, kazi ya maana ni kutenganisha. Tona ya sumaku iwe na chombo chake, nyeusi ya kawaida chake, na za rangi mbali kabisa, maana hazina masizi hayo. Funika vizuri, weka mbali na jua na jiko. Uliomwagika ufute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, kwani ya moto huugandisha, wala usitumie mashine ya nyumbani ya kufyonza vumbi. Vyombo vikijaa, wapelekee wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye kibali cha NEMC (baraza la taifa la mazingira), na uwaambie kila kimoja kina tona ya aina gani.