Mwanangu anaamka kwa machozi msimu huu wa baridi

Pole sana, dada wa Mbagala. Unasema tangu Juni iingie, mwanao wa darasa la tatu anaamka saa kumi na moja akilia, chai haigusi, jioni hana raha. Na mimi nimeyapitia na wangu wa pili.

Anza na usingizi. Umri huo anahitaji saa 9 hadi 12, kwa hiyo saa mbili usiku awe ameshalala. Sisi tulizima televisheni mapema. Alilalamika wiki nzima, kisha akazoea. Maji ya kuoga yapashe moto, sweta avae, na badala ya chai kavu mpe uji wa ulezi wenye karanga. Wangu alishika kikombe kwa mikono miwili, akapuliza, ndipo akaanza kuongea. Kumbe kuna mwenzake alikuwa anamnyang'anya nauli ya daladala! Kaa naye dakika kumi anapokunywa uji, dada, usimharakishe.

Jioni acheze nje, kipupwe cha Dar hakimdhuru.

Akichemka mwili usiseme ni baridi tu: apimwe malaria siku hiyohiyo. Akipumua kwa shida, mkimbize hospitali. Huzuni ikipita wiki mbili, zungumza na mwalimu wake, kisha mwone daktari.