Unavuta data za Google Ads kwenye programu yako? Angalia haya kwanza

Wengi wakianza hii kazi wanaogopa kuunganisha, OAuth (njia ya kuipa programu ruhusa ya kuingia kwenye akaunti), tokeni ya dev (ufunguo Google wanaompa msanidi programu), sijui nini, kumbe pale ukishapita umepita. Cha kukumbuka ni kwamba ID ya akaunti unaiandika bila vistari, na kama unaingia kupitia akaunti meneja (inayosimamia akaunti za wateja) basi ID yake inakaa kwenye heda ya ombi iitwayo login-customer-id. Basi. Kasheshe inaanza namba zikishaingia, mteja anafungua akaunti yake anakuuliza mbona hazifanani na zako.

Lugha ya kuulizia data inaitwa GAQL (Google Ads Query Language), ukiitazama ni kama SQL ila usiizoee haraka. Hakuna JOIN, hakuna GROUP BY, hata OR kwenye WHERE hamna. Kazi ya kugawanya inafanywa na segments, mfano:

SELECT campaign.id, segments.date, metrics.cost_micros FROM campaign WHERE segments.date BETWEEN '2025-03-01' AND '2025-03-31'

Hapo kila kampeni inarudi mstari mmoja kwa siku, ukiongeza segments.device inagawanyika tena kwa kila aina ya kifaa. Sasa sikiliza, siku ambayo kampeni haikuonekana kabisa hairudi na sifuri, hairudi tu! Kwa hiyo ukitafuta wastani wa siku kwa kugawanya na idadi ya mistari utapata namba iliyonona kuliko hali halisi. Tengeneza orodha ya tarehe mwenyewe, penye pengo jaza sifuri.

Hela nazo zinakuja kwa micros, sehemu za milioni, yaani 12500000 ni 12.5 ya sarafu ya akaunti ile. Mi nazihifadhi hivyo hivyo kama namba nzima, nagawanya kwa milioni wakati wa kuonyesha tu. Na ukitumia REST (kuuliza kwa HTTP, majibu yanakuja kwa JSON) jua kwamba hizo namba kubwa zinafika kama maandishi, JavaScript ukiiambia ijumlishe "100" na "200" inakupa "100200" bila aibu wala error. Kama una akaunti nyingi vuta na customer.currency_code, usije ukajumlisha sarafu tofauti kwenye kapu moja.

Ila linalogombanisha watu zaidi ni konvesheni, yaani kile unachotaka mtu afanye baada ya tangazo, kama kununua. Mtu akikliki tangazo Jumatatu akanunua Ijumaa, metrics.conversions inamhesabu Jumatatu. Maana yake namba ya Jumatatu uliyoihifadhi Jumanne imeshapitwa, na dirisha la konvesheni (muda baada ya kliki ambao manunuzi bado yanahesabiwa) linaweza kufika hadi siku 90. Usivute jana peke yake ukadhani umemaliza, kila usiku rudia siku 30 za nyuma (au urefu wa dirisha la mteja) na uandike juu ya zile za zamani, ufunguo wa meza uwe ID ya kampeni pamoja na tarehe. Mteja akitaka kwa siku ya manunuzi yenyewe ipo metrics.conversions_by_conversion_date. Na kolamu ya konvesheni kwenye meza yako isiwe ya namba nzima, konvesheni inaweza kuja 0.4 kwa sababu mauzo moja yanagawiwa kliki kadhaa.

Tarehe zinafuata saa za akaunti sio za seva yako, halafu LAST_7_DAYS haihesabu leo, ndo maana napenda BETWEEN, naona nilichoomba.

Jingine, usiulize API (mlango wa Google ambao programu inachukulia data) kila mtu anapofungua ukurasa. Ruhusa ya Basic (ngazi ya tokeni ya dev) ina kikomo cha oparesheni 15,000 kwa siku, vuta usiku kwa SearchStream (ombi moja linaloleta matokeo yote), weka kwenye databezi yako, ukurasa usome huko. Na toleo la API liandike sehemu moja tu kwenye programu maana matoleo ya zamani huwa yanazimwa, na likizimwa ripoti zako zote zinanyamaza siku moja.