Usitume hiyo advansi: kwanza uliza kama ziwa limefunguliwa, kisha uliza mwezi wa angani

Mkuu mtoa mada, hiyo pesa usiitume. Unasema unatoka Dodoma na familia kuja Kigoma, Ziwa Tanganyika, wiki ya pili ya Juni shule zikifunga, mnataka kuogelea, kwenda Gombe kuona sokwe, na kila jioni kula migebuka na dagaa wabichi ufukweni. Halafu unasema kuna kijana umempata mtandaoni anataka nusu ya pesa leo "akuandalie samaki wa moja kwa moja toka ziwani". Nilipofika hapo sikuendelea kusoma. Kijana wa namna hiyo alikula hela yangu Julai 2024, kwa maneno hayo hayo.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti uvuvi ulisimamishwa, na si kwetu tu. Nchi zote nne za ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kuliacha lipumzike ili samaki wazaliane, maana walikuwa wanapungua mwaka hadi mwaka. Mimi naliunga mkono kabisa jambo hilo. Lakini tazama tarehe zenyewe: ni kiangazi chetu kizuri, anga jeupe, barabara kavu, watoto wako nyumbani. Mgeni anakuja wakati ambao mvuvi amekatazwa kushusha nyavu.

Tulikuja kwa ajili ya mama yangu mzazi. Amezaliwa Ujiji, akaolewa Morogoro, na kwa miaka mingi hamu yake ilikuwa moja: migebuka wabichi wa kupikwa kwa mawese, na ugali wa muhogo, aule akiwa anaona maji. Tukachanga ndugu. Yule kijana akatupokea kwa simu kwa heshima zote, "shikamoo mama, karibuni nyumbani", akatuma picha za migebuka inayong'aa kama visu vipya, akataka advansi ya samaki, ya mpishi, na ya boti ya kututembeza jioni. Tulimtumia yote. Anaishi Kigoma. Alijua ziwa limefungwa, maana mji mzima ulikuwa unajua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko hela.

Asubuhi ya kwanza tukashuka Kibirizi, mwalo wa wavuvi pale Kigoma. Mitumbwi imevutwa mchangani, nyavu zimetundikwa, wanaume wamekaa wanashona na kupiga soga. Mama akamsalimia mzee mmoja kwa Kiha, akamuuliza samaki wanashuka saa ngapi. Yule mzee akamtazama kwa huruma, akamwambia, "Ziwa limefungwa, mama. Hamkuambiwa?" Mama akanigeukia. Sikuwa na la kumjibu.

Tukampigia yule kijana. Akasema tusiwasikilize hao, samaki wake ana njia yake. Mchana akaleta sinia limefunikwa. Mama akafunua, akamgeuza samaki mmoja kwa kijiko, akasema, "Huyu si mgebuka, na hakulala kwenye maji jana." Alikuwa sato wa kwenye friza, amekaangwa mpaka akakauka ili asitambulike. Mgebuka ni mwembamba, mrefu, wa rangi ya fedha. Huwezi kumdanganya mtu wa Ujiji kwa samaki mpana. Tukadai hela irudishwe, simu ikazimwa. Mama alikula ugali na maharage, akasema ameshiba, akaenda kulala mapema.

Wewe kijana, kama unasoma humu: ungetuambia ukweli tungekuja Septemba na hela hiyo hiyo ungeipata kihalali. Umemnyima mzee kitu alichokitamani nusu ya maisha yake kwa sababu ulitaka kula leo.

Sasa mkuu, hata ziwa likiwa wazi bado hujamaliza. Kuna mwezi. Dagaa wa Kigoma na migebuka huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Vijidudu vya majini hupanda juu usiku, mwanga huvikusanya, dagaa hufuata vijidudu, na migebuka hufuata dagaa kuwala. Ndipo nyavu hunyanyuliwa. Usiku wa mbalamwezi ziwa zima limeangazwa, taa ya mvuvi haina nguvu ya kumkusanya samaki, na wavuvi wengi wanapumzika. Ukifika siku hizo utakuta dagaa wakavu na bei imepanda, halafu utasema Kigoma imeisha. Umefika tu wakati mbaya.

Kama nyumbani kuna kalenda ya Kiislamu, kazi ni nyepesi. Tarehe 13, 14 na 15 mwezi umejaa, zikwepe, na siku kadhaa kila upande. Lenga kuanzia tarehe 22 hivi ya kalenda hiyo, mwezi unapochelewa kuchomoza, mpaka siku za mwanzo za mwezi unaoandama. Hilo ndilo giza la wavuvi. Asubuhi za giza nenda mwaloni Kibirizi au Katonga jua linapochomoza, usisubiri wa sokoni mchana. Tazama jicho liwe limejaa na jeusi, mashavu ndani yawe mekundu, na ukimbonyeza nyama irudi. Mnunue mwenyewe, mpeleke kwa mama lishe akupikie kwa mawese mbele ya macho yako. Hakuna advansi hapo, unalipa unachokiona.

Kwa hiyo ushauri wangu: hamisha safari. Ukiweza kusubiri ile likizo fupi ya Septemba, bado ni kiangazi, mvua hazijaanza, na hata ziwa likifungwa kama 2024 linakuwa limeshafunguliwa. Ukilazimika kuja Juni, piga simu ofisi ya uvuvi ya halmashauri kabla ya kukata tiketi, uulize swali moja tu: ziwa liko wazi tarehe hizo? Usimuulize dalali, usimuulize mwenye hoteli. Ofisi, au mvuvi unayemjua kwa jina.

Kuogelea hakutegemei mwezi. Ufukwe wa Jakobsen una maji maangavu sana, chukua miwani ya kuogelea uwaonyeshe watoto samaki wadogo wa rangi kwenye mawe, wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Ila kiangazi upepo wa kusi unaweza kulichafua ziwa, na hili ziwa lina kina cha karibu mita 1,470, si mahali pa kupanda boti isiyo na majaketi. Karibu na makazi na midomo ya mito msiingie majini, kuna kichocho, na waulize wenyeji kuhusu mamba kabla ya kumwachia mtoto. Gombe ni nzuri kiangazi, njia ni kavu, nenda. Maembe ya Ujiji msiyategemee, msimu wake ni mvua zikianza, Juni mtakuta majani tu. Ndizi na muhogo mtapata.

Kuhusu kuja kwa treni au basi, wadau wengine watakujibu.

Watu watakuja chini hapa kukwambia natisha wageni na kuharibia vijana biashara. Wavuvi, mama lishe na wenye boti wa Kigoma nawaheshimu sana, ndio maana nataka hela yako iwafikie wao na isiishie kwa mtu mwenye picha kwenye simu. Mjibu huyo kijana leo kwamba utalipa ukimwona samaki, usikie atasemaje. Halafu weka hapa tarehe ambazo familia inaweza kusafiri, nikutajie giza linaangukia siku zipi.