Loiyangalani na familia: ingieni Laisamis, tokeni Chalbi

Ndugu yangu, umeuliza kama wewe, mama watoto na watoto wawili mnaweza kutoka Nairobi Agosti hii kwa gari lenu la fobai (la magurudumu yote manne kuvuta) la petroli, mpande kwa Maralal na Baragoi hadi Loiyangalani, kamji kando ya Ziwa Turkana, kisha mrudi kwa Marsabit, yote ndani ya wiki moja. Nimeendesha njia hizo zote, nikiwa na vijana wenzangu na nikiwa na familia. Safari inawezekana. Ila Maralal na Baragoi ziondoe kwenye mpango. Ingieni kwa Laisamis na mtoke kwa North Horr na jangwa la Chalbi. Na siku zisiwe saba, ziwe nane au tisa.

Sababu ya kwanza unaijua. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa bonde la Suguta, upande wa Baragoi, na Februari 2023 serikali ilitangaza sehemu za kaunti sita, Samburu yenye Maralal na Baragoi ikiwemo, kuwa maeneo ya vurugu na hatari. Kuna miezi ya utulivu kabisa, nami nimepita huko bila kuguswa, tena wenyeji wakatuchinjia mbuzi. Lakini likizo ya watoto haipangwi kwa kubahatisha ni mwezi upi umetulia. Sisemi Marsabit ni peponi, maana Mei 2022 nako kuliwekwa kafyu. Tofauti ni kwamba barabara kuu ya Isiolo hadi Moyale, inayopita Laisamis na Marsabit, ni lami tupu, na mchana kutwa ina malori na mabasi. Ukiharibikiwa hapo, hukai peke yako muda mrefu.

Sababu ya pili ni barabara yenyewe. Kampuni iliyojenga mradi wa umeme wa upepo pale Sarima ililazimika kusafirisha vipande vya mitambo 365, ikatengeneza kilomita 208 za changarawe kutoka Laisamis hadi kwenye mradi. Changarawe hiyo sasa ina mawimbi yanayotikisa hadi meno, ila ni pana na inaonekana mbele. Inapita Ngurunit, Illaut na South Horr, kwa hiyo ule uzuri wa milima ya Ndoto na Nyiro uliousoma kwenye simulizi za njia ya Maralal hamtaukosa.

Wapo wanaosema hata Probox, gari dogo lisilo fobai, inafika Loiyangalani, na hawadanganyi. Zinafika, zimebeba abiria na magunia, na dereva anajua kila jiwe kwa jina. Wewe hulijui hata moja.

Tuje kwenye matairi, kwa sababu ndiyo yatakayowamalizia siku. Ukishavuka Sarima na kuanza kuteremka ziwani, ardhi inakuwa mawe meusi ya volkano, makali, na hayatoboi tairi katikati ambako fundi anaweza kuziba kwa kijiti cha mpira. Yanapasua ubavu, na tairi lililopasuka ubavu ni la kutupa. Bebeni spea mbili, zote za saizi moja na hayo manne. Ukipita Kirinyaga Road kununua, kagua tarehe ya kutengenezwa iliyochongwa ubavuni, usivutiwe na weusi wa rangi, kwa sababu kuna matairi makuukuu yanayopakwa yakang'aa. Kwenye mawe hayo dawa ni mwendo wa pole: mwenye kuendesha kilomita 15 kwa saa hufika mapema kuliko mwenye 40 anayesimama kubadilisha tairi. Kwenye mchanga wa Chalbi punguzeni upepo, basi muwe na pampu inayotumia betri ya gari ya kuujaza tena mkifika kwenye mawe. Kamukunji kwa mafundi wa jua kali utapata bamba la kuweka chini ya jeki isizame mchangani. Ni kipande cha chuma tu, bei ya soda kadhaa, na bila hicho jeki ni mzigo wa bure.

Mafuta. Jazeni Isiolo. Kutoka hapo, kupita ziwani hadi Marsabit, kuna takriban kilomita 700, na mchangani gari hunywa kwa fujo, kwa hiyo pigeni hesabu ya kilomita 1,000 na mafuta yasiyoingia kwenye tangi yabebwe kwenye mitungi ya chuma, si ya plastiki ya mafuta ya kupikia. Loiyangalani petroli huuzwa kwa mtungi, ghali, na huwezi kujua imekaa tangu lini. Ukiinunua, ichuje kwa kitambaa. Maji ya kunywa msihesabu chini ya lita tano kwa mtu kwa siku, ya gari na ya kuosha yakiwa kando. Maji ya ziwa yana magadi. Wenyeji wengine huyanywa kwa kukosa mengine, ila tumbo la mtoto wa Nairobi litawarudisha mbio.

Kingine ambacho watu wa mjini hatukifikirii ni laga, yaani mito mikavu ya mchanga. Agosti kwa kawaida ni kavu, lakini nisikie kidogo. Safari moja, jua likiwaka na mbingu haina wingu, tulifika laga moja mbele ya Illaut, mchanga mtupu. Kijana Msamburu aliyekuwa na mbuzi ng'ambo akatupungia kwa fimbo tusishuke. Tukadhani anataka kuomba lifti. Punde tukasikia mvumo, kisha maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaja yakisukuma magogo, yakajaza laga kutoka ukingo hadi ukingo. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani, mbali, sisi hatukuiona. Tulikaa pale mchana wote mpaka maji yakaisha, na hata baada ya hapo yule kijana alitangulia kwa miguu kupima kina kabla ya gari kushuka. Kwa hiyo msipige hema ndani ya laga hata kama mchanga wake ni laini na una kivuli, na mkiona malori yamesimama ukingoni, nanyi simameni.

Mpangilio wa siku ningeuweka hivi. Tokeni Nairobi saa kumi na moja alfajiri, mlale Isiolo au Archers Post na jua bado lipo. Siku ya pili piteni chini ya mlima Ololokwe hadi Laisamis, mkunje kushoto, mlale Ngurunit au South Horr penye miti na maji. Ya tatu mtafika ziwani kabla ya jua la utosi. Hapo laleni usiku tatu. Najua utataka kubana uwe mmoja, kwa sababu kwenye ramani hakuna cha kufanya, lakini watoto watakuwa wamechoka, gari litahitaji kukazwa boliti, na ziwa halifuati saa yako. Upepo wa huko unavuma usiku kucha na asubuhi, ukipita kwenye upenyo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, ndiyo maana mitambo ikawekwa pale. Kwa kawaida hupungua kadiri siku inavyosonga. Boti isubiri hadi mwenye boti mwenyewe aseme twende. Akisema leo hapana, ni hapana, msimwongezee pesa abadilishe mawazo. Na hema za maduka makubwa ziacheni nyumbani. Kodini vibanda vya makuti ya mikoma.

Vijiji vya ufuoni ndiyo roho ya safari hii. Layeni na Komote ni vya Waelmolo, jamii ndogo sana ya wavuvi ambao siku hizi wengi wao huongea Kisamburu. Maji ya ziwa yamepanda miaka ya karibuni, yakameza makazi na malisho, na Komote ikatengwa na nchi kavu, kwa hiyo kufika ni kwa boti. Msiende kama watalii wa kupiga picha kupitia dirisha. Tafuteni kijana wa kuwaongoza pale Loiyangalani, mkubaliane mapema pesa ya kijiji, ya kiongozi na ya picha, zote kwa mdomo mmoja, kisha mketi, mnunue samaki, muulize habari za uvuvi. Mbuta wa kukaanga anayelika ukitazama maji yenyewe, watoto watamkumbuka kuliko mamba. Mamba wapo na ni wengi, kuogelea ni pale tu mwenyeji anapoonyesha kidole. Mtandao wa simu upo mjini na M-Pesa inafanya kazi, lakini bebeni noti za 100 na 200 kwa sababu chenji ni shida.

Hifadhi ya Sibiloi na Koobi Fora, kule kunakochimbuliwa mabaki ya kale, ziacheni safari nyingine. Kwa umbali ule zinadai siku zake zenyewe, na mabaki maarufu ya binadamu wa kale yaliyochimbuliwa kandokando ya Turkana, yule mvulana wa Nariokotome wa 1984 akiwemo, yamehifadhiwa Makumbusho ya Nairobi. Wapeleke watoto huko Jumamosi moja kabla ya kuondoka. Hapo uani pia kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1970, na mtakapofika msitu wake watajua wanatafuta nini.

Kutoka ziwani hadi North Horr, anzeni alfajiri na ulizeni kituo cha polisi kama kuna gari jingine linaloelekea huko, mfuatane. Baada ya North Horr ndiyo Chalbi, sakafu ya ziwa lililokauka, tambarare nyeupe yenye njia ishirini zinazofanana. Fuateni alama mpya za malori, na chini paking'aa unyevu rudini nyuma, kwa sababu juu ni ganda kavu na chini ni tope. Mvua ikiwa imenyesha, futeni Chalbi kabisa mrudi mlikotokea Laisamis. Kama ni kavu, laleni Kalacha kwa Wagabra, penye chemchemi na ngamia wanaokuja kunywa, na kesho yake mpande Marsabit.

Marsabit asubuhi huwa na ukungu mzito, na ndovu huvuka barabara. Tokeni saa mbili ukishapanda, mle mchana Isiolo, kisha mlale Nanyuki. Kuingia Thika Road Jumapili jioni na watoto waliokaa garini tangu Marsabit ni adhabu ambayo hamkuitafuta.